Elfu Thelathini Mara Thelathini

— Nipe simu yako, Evas alisema.

— Ya nini?

— Nipe tu.

Néhémie hakuitoa. Aliweka mkono juu ya mfuko wa suruali na kuuacha hapo, kama mtu anayelinda kitu sokoni.

Walikuwa wamesimama sebuleni katika nyumba waliyopanga mtaa wa Nyamityobora, mjini Mbarara. Haikuwa na kiti wala kitanda bado, kwa sababu walikuwa wahamie baada ya kuhingira, sherehe ya Evas kuagwa nyumbani kwao. Mama mwenye nyumba alikuwa ndiyo kwanza ameondoka. Alifuata kodi ya mwezi wao wa pili wa kupanga, laki mbili na elfu sitini. Evas alitoa nusu yake yote, laki moja na elfu thelathini. Néhémie alitoa elfu sabini na kuomba asubiriwe hadi Jumamosi. Mwezi uliopita aliomba vilevile.

— Mimi napata laki tatu na themanini kwa mwezi, na nusu yangu nimeleta, Evas alisema. Wewe unapata laki tisa. Zinaenda wapi?

— Jumamosi nitaleta, sheri wangu.

— Na Jumatatu unaenda Nakivale.

— Naenda. Si unajua?

Alijua. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu, Néhémie alikwenda Nakivale, na siku hiyo yote simu yake haikupatikana. Akirudi alikuwa mwenye maneno machache na mfuko mtupu. Evas alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga. Néhémie akabaki akizunguka vyumba vile vitupu, anafungua dirisha, analifunga, analifungua tena.

Walikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili pamoja. Néhémie alikuwa fundi wa taili za sakafu, mzaliwa wa Baraka, Kivu ya Kusini. Aliingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale akiwa na miaka kumi na sita, pamoja na mama yake na dada yake mkubwa, Pascaline. Evas alikuwa keshia katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Mbarara. Kijana alifuata gundi ya taili mara moja, kisha akaanza kuifuata hata siku ambazo taili zenyewe hazikuwepo.

Baba yake Evas, Sajini Byaruhanga, alikuwa mtunza stoo katika kambi ya jeshi, na familia yote iliishi humo humo kambini. Siku Néhémie alipopelekwa kuonana naye, mzee alimkalisha, akamtazama viatu, akamuuliza swali moja tu.

— Kijana, wewe iko napata pesa ngapi kwa mwezi?

Maishani mwake hakuna mtu aliyewahi kumlipa Néhémie kwa mwezi. Alilipwa kwa siku aliyofanya kazi, na msimamizi alizijumlisha siku hizo na kumtumia pesa kwenye simu kila Jumamosi. Siku moja ilikuwa elfu thelathini, hilo halikuwa uongo. Basi akatazama dari la nyumba ya sajini, akachukua siku moja, akaizidisha kwa siku thelathini za mwezi.

— Elfu mia tisa, papa.

Evas alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza. Miaka ishirini na minne jeshini, na mshahara wake haukufika hapo. Mwishowe alimwambia mke wake amletee mgeni soda. Mwezi uliofuata tarehe ya kuhingira ilipangwa, na ndugu wakapigiwa simu.

Sasa zilikuwa zimebaki wiki tatu, na Evas hakuweza kukaa wala kusimama. Dukani alirudisha chenji zaidi mara mbili kwa siku moja. Molly, aliyefanya naye kazi, alimuuliza ana nini, naye akamwambia. Molly hakufikiri sana. Alisema wanaume wa kambi ya wakimbizi huwa na mke kule na mchumba huku, na kwamba pesa isiyoonekana Mbarara lazima inaonekana mahali pengine.

Neno hilo lilimkaa Evas kifuani kama mfupa. Jumatatu ilipofika aliomba ruhusa, akasema anaumwa. Alipanda gari hadi Base Camp ya Nakivale, akachukua boda hadi kijiji cha Kashojwa, akaulizia nyumba ya Pascaline, yule anayeuza sombe. Alionyeshwa nyumba ya udongo yenye mlango wa bluu. Mwanamke mnene kidogo alikuwa akitwanga majani ya muhogo nje. Aliinua macho, akamwangalia Evas kuanzia viatu hadi nywele, akaweka mchi chini.

— Wewe njo Evas, alisema. Nilikuona mu picha. Karibu, mke wetu.

Evas alishindwa aanze wapi. Aliuliza Néhémie yuko wapi. Pascaline akamwambia amepeleka mama yao hospitali kuchukua dawa za presha, foleni ni ndefu na mule ndani simu inazimwa. Evas akauliza, akiwa bado amesimama, kama kuna mwanamke mwingine.

Pascaline hakukasirika. Alimvutia kiti.

— Ikaa kwanza. Angalia hii nyumba yote, hata nyuma ya kitanda angalia. Hapa kuko mimi, mama na batoto yangu. Kila juma mbili anatuletea elfu makumi ine ya dawa na unga. Mwanamke mwingine angemulisha na nini?

Evas alikaa. Machozi yalimtoka ya furaha na ya aibu pamoja, na Pascaline, akitaka kumtuliza zaidi, akaendelea kumsifu mdogo wake. Alisema ni mtu wa moyo mkubwa sana, maana kuna juma anapata elfu mia moja tu, kuna juma anapata elfu makumi sita, na juma mvula inanyesha hapati kitu, lakini za mama hazikosi.

— Elfu mia moja kwa wiki? Evas aliuliza.

— Njo vile. Kazi ikiwa muzuri.

Evas alikuwa keshia, hakuhitaji karatasi. Machozi yakakauka hapo hapo. Aliaga, akakataa chakula, akaondoka kabla Néhémie hajarudi. Njiani alijikuta akitamani kungekuwa na mwanamke. Huyo angeweza kumchukia na mambo yakaisha. Hapa hakuwa na mtu wa kumchukia isipokuwa yule yule aliyempenda.

Kesho yake jioni walikutana kwenye ile nyumba tupu. Pascaline alikuwa amekwisha kumwambia Néhémie kuhusu mgeni, kwa hiyo safari hii aliitoa simu bila kuombwa. Evas akakaa sakafuni, akafungua ujumbe wa pesa zilizoingia, Jumamosi baada ya Jumamosi, kurudi nyuma hadi mwezi wa sita. Tisini. Mia na hamsini. Sitini. Jumamosi moja hakuna kitu. Mia na ishirini. Aliandika zote nyuma ya risiti ya duka. Zilikuwa Jumamosi kumi na tatu, na jumla yake milioni moja, laki tatu na elfu hamsini.

Néhémie alijaribu kusaidia. Alisema kila juma basi ni kama elfu mia moja na ine, na juma ni ine kwa mwezi.

— Mwezi si wiki nne, Evas alisema. Ungekuwa wiki nne, mwaka ungekuwa na wiki arobaini na nane. Una hamsini na mbili. Wiki kumi na tatu ni miezi mitatu kamili. Gawa kwa tatu.

Akagawa mwenyewe. Laki nne na nusu.

— Na za mama si elfu themanini kwa mwezi kama unavyodhani. Wiki mbili mbili zinaingia mara ishirini na sita kwa mwaka. Ni themanini na sita na kitu. Toa hizo. Toa kodi ya chumba chako cha sasa. Toa chakula. Kila mwezi ulikuwa unajiuliza pesa imeliwa na nani, siyo?

— Nilikuwa najiuliza, Néhémie alikiri.

— Hakuna aliyeila. Haikuwepo.

Nje mtu alikuwa akichapa mbao kwa nyundo. Néhémie alisema hakukusudia kudanganya, aliulizwa kwa mwezi na yeye mwezi hakuujua, akachukua siku yake nzuri na kuifanya siku zote. Halafu alipoona kosa lake, mzee alikuwa amekwisha kuwaambia ndugu, na Evas alikuwa akimwangalia kwa macho yale.

— Nilipenda vile uliniangalia, alisema. Nikaogopa kuyapoteza hayo macho.

— Laki nne na nusu na zangu laki tatu na themanini ni laki nane na thelathini, Evas alisema. Tungeishi, Néhémie. Tungepanga nyumba ya laki moja badala ya hii. Mimi singekukataa kwa laki nne na nusu.

Alimwambia kitu kimoja tu: aende mwenyewe kwa baba yake, Alhamisi, aseme ukweli kabla ndugu hawajatoka makwao. Néhémie akaahidi.

Jumatano saa nne asubuhi, Evas akiwa dukani, simu ilitetemeka.

"Sheri nimepata kazi Kikagate mpakani. Wanalipa elfu 45 kwa siku. Nikifanya siku 20 ni laki 9. Haitakuwa tena uongo. Unisamehe, ningoje."

Akampigia. Simu imezimwa. Akapiga tena mara saba, huku mteja amesimama mbele yake na misumari mkononi.

Alhamisi Sajini Byaruhanga alivaa shati lake lililopigwa pasi, akakaa sebuleni akimsubiri kijana, kama Evas alivyomwambia usiku wa Jumanne. Saa kumi na moja Evas aliingia akapiga magoti mbele yake, akamweleza yote: elfu thelathini, mara thelathini, Jumamosi kumi na tatu, Kikagate. Mzee hakufoka. Aliuliza kama binti yake ana mimba, akaambiwa hapana. Kisha akatoka nje na simu, akaanza kuwapigia ndugu zake mmoja mmoja kuwaambia wasije. Evas alimsikia kupitia dirishani, akirudia sentensi ile ile kwa Kinyankore mara kumi na moja. Nyumba ya Nyamityobora Evas aliirudisha siku ya Jumatatu. Kodi iliyolipwa haikurudi.

Huko Kikagate, Néhémie alianza kazi kwa nguvu za mtu anayekimbizwa. Siku mbili za kwanza alipata tisini. Siku ya tatu lori la taili lilizuiwa mpakani kwa sababu ya karatasi, na mafundi wote wakaambiwa wangoje. Wakangoja siku sita. Alitembea kutoka gesti hadi daraja la mto Kagera na kurudi, mara nne, mara tano kwa siku, akiuliza madereva kama wameliona lori. Gesti ilikuwa elfu saba kila siku, kazi iwepo isiwepo, na tumbo nalo likadai tatu. Lori likaja, akafanya siku mbili, saruji ikaisha.

Wiki mbili zilipotimia alikuwa amelipwa laki moja na themanini, na mkononi alikuwa na elfu arobaini. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafanya hesabu kama Evas alivyomfanyia: siku nne kwa wiki mbili, si siku ishirini kwa mwezi. Siku ya elfu arobaini na tano ilikuwa imemlipa kidogo kuliko siku ya elfu thelathini. Alinawa uso, akapanda gari la kurudi.

Hakwenda kwa Evas kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye geti la kambi ya jeshi, akamwambia mlinzi anamtafuta Sajini Byaruhanga. Aliwekwa juani saa nzima. Mzee alipotoka hakumkaribisha ndani.

— Nimekuya kusema mwenyewe, papa. Mi napata elfu mia ine na makumi tano kwa mwezi. Mwezi mungine inashuka. Ile elfu mia tisa nilidanganya. Na nilikimbia.

— Mimi najua, sajini alisema. Binti yangu alipiga magoti akaniambia. Yeye alikosa nini mpaka yeye alipiga magoti?

Mzee akaendelea kwa sauti ya chini, mlinzi asisikie.

— Sikiliza. Mimi niko na stoo. Mtu akiniambia hapa iko magunia mia na mimi nakuta hamsini, sikasiriki juu ya hamsini. Hamsini iko chakula. Nakasirika juu mimi nilipanga watu mia kula. Unaelewa?

— Naelewa, papa.

— Kale, sawa. Mimi sina neno tena. Evas iko mtu mzima. Ongea na yeye. Lakini hapa usikuje mpaka yeye akwambie kuja.

Jioni alimkuta Evas dukani akifunga hesabu za siku. Molly alipomwona Néhémie mlangoni alichukua mkoba wake akatoka haraka. Néhémie alianza kuomba msamaha, Evas akamzuia kwa kiganja.

— Sitaki uniombe. Na sitaki uniambie utapata ngapi mwezi ujao. Kila Jumamosi ukilipwa, nitumie ulichopata wiki hiyo. Usikizidishe na kitu. Wiki kumi na tatu. Huenda sitajibu.

— Na kisha?

— Sijui. Nitaona kama naweza kukuamini tena.

Jumamosi ya kwanza aliandika: "Juma hili siku 3. 90,000." Hakujibiwa. Ya pili: "Siku 4. 120,000. Za mama nimetoa." Hakujibiwa. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kila Jumamosi alikaa ukingoni mwa kitanda chake na simu gotini, akisimama kila ilipotoa mlio, na mlio ulikuwa wa kampuni ya simu ikimtangazia bando. Mara mbili alishawishika kuongeza elfu thelathini kwenye wiki mbaya, apendeze. Mara ya pili aliziandika kabisa, akazitazama, akazifuta.

Evas kwa upande wake alikuwa akizisoma zote, na siku za Jumamosi mchana hakutulia mpaka ziingie. Alizilinganisha kimyakimya na alichokijua. Duka lao ndilo lililouza gundi kwa wasimamizi wengi wa mji, na msimamizi wa Néhémie akija kulipa alimuuliza kama kawaida tu, mafundi wamefanya siku ngapi wiki hii. Kila mara ilikuwa siku zile zile.

Wiki ya tisa mvua ilinyesha kuanzia Jumatatu. Barabara zilijaa matope, kazi zote zikasimama, na dukani hapakuingia mteja. Jumamosi saa saba ujumbe ukaingia.

"Juma hili sifuri. Mvula."

Evas aliusoma amesimama. Hakukuwa na ahadi wala maelezo marefu. Alikaa, akasimama, akaandika neno moja.

"Umekula?"

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi hivi.

"Leo bado."

Alimwomba Molly amshikie kaunta. Alinunua matoke na maharage kwa mama wa chakula wa nyuma ya duka, akaomba yafungwe vizuri, akachukua mwavuli. Alimkuta kwenye jengo lisilokwisha upande wa stendi, amekaa chini ya slabu ya zege na vifaa vyake miguuni, akingoja mvua ikatike apate hata nusu siku. Néhémie alisimama haraka mno, nusura agonge kichwa.

Alikula yote. Kisha akafuta mikono kwenye suruali, akasema kwa woga:

— Bado juma ine.

— Hizo wiki niliziweka mimi, Evas alisema. Na mimi ndiye ninayezipunguza. Njoo Jumatano nyumbani. Taata na mama watakuwepo.

Néhémie alifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yakatikisika. Evas akamsogelea, akalaza kichwa chake begani pale penye vumbi la saruji, wakabaki hivyo, mvua ikiendelea.

Kuhingira ilifanyika mwezi wa Februari, ndogo, chini ya turubai moja. Mahari ilipunguzwa, ng'ombe wawili badala ya watano, wa pili ataletwa baada ya mwaka, na hilo lilisemwa wazi mbele ya watu wote. Pascaline alikuja kutoka Kashojwa na mama yao amevaa kitenge kipya. Ndoa ilifungwa wiki iliyofuata, kisha wakahamia chumba na sebule, kodi elfu tisini.

Siku ya kuhingira, Sajini Byaruhanga alipoombwa kusema neno, watu walitegemea hotuba ndefu. Alisimama, akamshika binti yake mkono, akamtazama kijana.

— Huyu alinidanganya, alisema. Halafu alikuja peke yake getini kwangu, akasimama kwa jua, akasema yeye ni nani. Wengi nyinyi hapa hamjawahi kufanya hiyo. Evas, enda na bwana yako.